Pete ya Korongo

Pete ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya kadi ya chama, risiti za pamba na noti za zamani zisizonunua kitu tena. Bibi alilimimina kopo lote juu ya mkeka. Nilikuwa nimemwomba anionyeshe chochote alichokihifadhi tangu miaka ya sabini, kwa kuwa tasnifu yangu ya shahada ya uzamili inahusu namna vijiji vya wakulima wa pamba huku Maswa vilivyoishi wakati wa Vita vya Kagera. Nilitegemea barua ya mwanajeshi, au picha. Nilichokiokota ni kipande cha bati jepesi, kimepinda kama herufi C, upana wake kama kidole changu cha mwisho.

Nilidhani ni sehemu ya redio. Nilipokisugua kwa pindo la shati, maandishi yakaanza kuonekana: VOGELWARTE RADOLFZELL GERMANIA. Chini yake kulikuwa na namba, na tarakimu ya mwisho ilikuwa imelika.

"Hiyo ni ya ndege, mume wangu," Bibi alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Ya yule ndege wa babu yako. Irudishe kwenye kopo."

Niliirudisha, lakini baada ya kuipiga picha. Usiku ule nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo simu inashika mtandao, nikatafuta maneno yale. Vogelwarte ni neno la Kijerumani lenye maana ya kituo cha kuchunguza ndege. Radolfzell ni mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Na pete ya ukubwa ule huvalishwa ndege mkubwa mwenye miguu mirefu. Kwa maelezo ya Bibi, mweupe, mbawa nyeusi mwishoni, mdomo mwekundu, hakuwa mwingine ila korongo mweupe, yule anayekuja kwetu na mvua na kuondoka kabla ya mavuno.

Hapo nilikuwa na swali ambalo halikuwa la tasnifu yangu. Kwa nini kitu kilichotengenezwa ili kirudishwe kwao kimekaa miaka zaidi ya arobaini ndani ya kopo la chai?

*

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliwaona korongo na mbayuwayu wakitoweka kila mwisho wa kiangazi chao, na hawakujua wanakokwenda. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni na kulala huko mpaka baridi iishe. Wengine waliamini wanazama kwenye matope ya maziwa. Usiwacheke haraka. Mtu asiyewahi kuvuka bahari angewezaje kuamini kwamba kindege cha gramu 20 kinaivuka mara mbili kwa mwaka?

Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mti mrefu wenye ncha ya chuma. Wataalamu walioutazama walisema ni silaha ya Afrika. Ndege yule alikuwa amechomwa huku, akanusurika, akaruka nao mpaka kwenye kiota chake. Walimkausha wakamhifadhi, na mpaka leo yupo katika Chuo Kikuu cha Rostock, silaha ikiwa bado shingoni. Wajerumani wana neno la ndege wa aina hiyo, Pfeilstorch, yaani korongo wa mshale, kwa sababu baadaye walipatikana wengine kadhaa.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifikiri juu ya ndege, kama kila mtu. Mara ya pili nikamfikiria mrushaji. Kuna mtu wa Afrika ambaye jioni moja alirudi nyumbani bila silaha yake na bila kitoweo, pengine akachekwa. Hakujua kwamba ametuma ujumbe Ulaya, na kwamba ujumbe huo ungemaliza ubishi uliodumu tangu enzi za Wagiriki. Jina lake halipo popote. Hata kabila lake halijulikani.

Baada ya hapo haikuwa lazima tena kusubiri bahati ya mshale. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, wa mji wa Viborg, alijaribu mwaka 1890 kuwavalisha kwezi wawili pete za zinki. Zilikuwa nzito mno. Mwaka 1899 akarudi na pete za alumini, metali nyepesi, akazichonga jina la mji wake na namba, kila pete na namba yake, akawavalisha kwezi 165. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: ndege mwenye namba si tena mmoja wa maelfu. Anakuwa yeye peke yake, na anaweza kuulizwa ulikuwa wapi na umetoka lini.

Wajerumani walilichukua wazo hilo mapema. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alianzisha kituo cha ndege katika kijiji cha Rossitten, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kando ya Bahari ya Baltiki, na mwaka 1903 akaanza kuvalisha pete. Baada ya muda korongo wake wakaanza kuripotiwa kutoka Afrika, mmoja mmoja, hadi kusini kabisa ya bara. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Rossitten iliangukia mikononi mwa Wasovieti, nayo leo inaitwa Rybachy, nchini Urusi. Kazi ya Wajerumani ikahamia kusini, Radolfzell. Kwa hiyo pete ya Bibi ilikuwa mjukuu wa pete za Rossitten.

Uingereza walianza mwaka 1909. Tarehe 6 Mei 1911 wakili mmoja aliyeitwa John Masefield alimvalisha mbayuwayu pete nyumbani kwake Cheadle, katika mkoa wa Staffordshire. Pete ilikuwa namba B830, na ilibeba anwani ya Witherby, mchapishaji wa London aliyeuanzisha mpango huo. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyohuyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba karibu na mji wa Utrecht, huko Natal, Afrika Kusini. Mkazi wa mji huo aliyeitwa Ruddock aliandika barua London kueleza kilichotokea, akaomba ajulishwe kama barua imefika. Kwa barua ile moja ikajulikana rasmi kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Afrika nzima.

Mfumo mzima wa pete ulitegemea mtu wa namna hii: mtu asiyejulikana, aliye mbali, anayejua kusoma herufi za Kilatini, mwenye hela ya stempu, asiyeogopa kuiandikia ofisi ya ugenini. Ruddock alikuwa navyo vyote hivyo. Babu yangu alikuwa na kimoja.

*

Nina rafiki anayesomea wanyamapori Morogoro. Nilimpigia kumweleza habari ya pete, akaniambia nisiandike neno lolote kabla sijashika ndege aliyevalishwa. Jumamosi moja tulikwenda ukingoni mwa Milima ya Uluguru na mwalimu wake mwenye kibali. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa wametandaza kati ya vichaka nyavu nyembamba kama utando wa buibui, ambazo hata mimi niliyeambiwa zilipo nusura nijigonge nazo. Kila baada ya dakika chache mtu alizipitia, ili ndege asikae humo akaumia au kupata baridi.

Ndege anawekwa kwenye mfuko wa kitambaa, anapimwa uzito, ubawa, mafuta yaliyo chini ya ngozi ya kifua. Mafuta ndiyo yanayoeleza kama yuko tayari kwa safari. Kisha pete inafungwa mguuni kwa koleo maalumu, ilegee kiasi cha kuzunguka lakini isivuke kifundo. Walinipa chozi mmoja nimwachie. Alikuwa na gramu 8. Moyo wake sikuusikia kama mapigo bali kama mtetemo, mfano wa simu iliyozimwa sauti. Nilipofungua kiganja alibaki amelala pale sekunde moja zaidi ya nilivyotegemea, halafu hakuwapo.

"Katika mia," rafiki yangu alisema, "pengine hata mmoja hatutasikia habari zake tena."

Afrika Mashariki ina historia yake ndefu katika kazi hii. Mwaka 1969 ilifunguliwa hoteli ya Ngulia, juu ya ukingo wa mlima katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Kukagundulika jambo ambalo mwenye hoteli hakulipanga. Usiku wa Novemba na Desemba, ukungu unapofunika mlima, taa za hoteli huwavuta ndege wahamiaji waliopotezwa na giza, wakashuka kwa maelfu. Tangu mwaka ule watafiti wakiongozwa kwa miaka mingi na Graeme Backhurst na David Pearson wamevalisha pete mamia ya maelfu ya ndege mahali pale, wengi wao wadogo kuliko kiganja, waliotoka Urusi, Ulaya Mashariki na Asia ya Kati. Bila usiku ule wa ukungu tusingejua kwamba baadhi yao wanapita kwetu kabisa, kwa sababu wanapita juu, gizani, sisi tumelala.

Lakini tazama ramani yoyote ya pete zilizoripotiwa. Ulaya imejaa nukta mpaka huoni mipaka. Vuka Sahara na nukta zinakuwa chache kama nyumba za porini. Ukitazama vibaya utafikiri ndege hawakufika, au hakuna watu. Katika historia tunafundishwa kuuogopa mtazamo huo. Nyaraka zikiwa kimya juu ya mahali fulani, uliza kwanza nani aliyekuwa na sababu ya kuandika, na nani aliyekuwa na sababu ya kutoandika.

Miaka ileile Thienemann alipokuwa akiwapa korongo namba kule Rossitten, Tanganyika ilikuwa koloni la serikali hiyohiyo. Baba yake babu alihesabiwa kibanda chake ili alipe kodi. Kwa watu wa kizazi chake, kitu kilichoandikwa namba na Mjerumani hakikuwa mwaliko wa kuandika barua.

*

Nilirudi Maswa mwezi wa Aprili. Safari hii sikumwomba Bibi vitu. Nilikaa naye jikoni akichambua mchele, nikamuuliza juu ya ndege.

Ilikuwa mwaka wa vita. Tarehe hakumbuki, lakini anakumbuka tumbo lake. Alikuwa na mimba ya miezi saba ya shangazi yangu, ambaye alizaliwa wiki ileile redio ilipotangaza kwamba Kampala imeanguka, akaitwa Ushindi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Nikarudisha miezi miwili nyuma, nikapata Februari. Mvua zilikuwapo, mtama ulikuwa wa kufika magotini, na viwavijeshi walikuwa wameuingia kwa wingi hata ukisimama kimya usiku ulisikia wakitafuna. Asubuhi ya siku ya tatu wakashuka korongo. Mamia. Walitembea shambani kwa mstari kama watu wanaopalilia, wakaokota viwavi mpaka jioni.

Hilo linalingana na vitabu. Korongo weupe wanapokuwa Afrika Mashariki hufuata viwavijeshi na nzige, na wanapopata shamba lililovamiwa hula mpaka wanashindwa kuruka vizuri. Walikuwa wanatusaidia. Ndiyo maana mwanzoni Bibi alinieleza kwamba babu alimkuta mmoja amekufa, akaona kitu mguuni, akakitoa.

"Kwa nini hakukipeleka kwa mtu?" nikauliza.

"Kwa nani? Kwa balozi? Ule ulikuwa wakati wa vita. Kila mgeni alikuwa mtu wa Amin. Mgambo walikuwa wanapekua mizigo ya watu barabarani. Halafu wewe unakwenda na chuma chenye maandishi ya kizungu, unasema nimekitoa kwa ndege. Nani atakubali?"

Babu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo cha watu wazima. Aliweza kuyatamka maneno yale herufi kwa herufi bila kuyaelewa, isipokuwa moja, Germania, na lile moja ndilo lililomtia hofu. Jirani aliyeonyeshwa alisema huenda ni alama ya majasusi. Babu akatoka usiku akazika manyoya. Pete hakuizika. Mtu aliyefundishwa kusoma akiwa na miaka thelathini na kitu, alimwambia Bibi, hatupi kitu chenye maandishi.

Kwa miaka mingi ningeiona hofu hiyo kuwa ni ushamba wa zamani. Kisha nikakumbuka habari ya Misri. Mwezi Agosti 2013, katika mkoa wa Qena, mtu mmoja alimkamata korongo mwenye kifaa mgongoni, akampeleka polisi. Nchi ilikuwa katika machafuko, watu wakashuku ni jasusi, na ndege akawekwa mahabusu. Wataalamu walipokiangalia kile kifaa wakakuta ni cha utafiti, kilichofungwa Hungaria. Korongo, aliyepewa jina la Menes, akaachiwa. Siku chache baadaye habari zikaja kwamba ameuawa na kuliwa, kusini zaidi kando ya Mto Nile. Wakati huo kulikuwa na intaneti na ofisi za uhifadhi za kupigia simu. Babu yangu hakuwa na hata kimoja.

*

Kifaa alichobeba Menes ndicho kimechukua sehemu kubwa ya kazi ya pete. Pete inakupa nukta mbili, alipovalishwa na alipopatikana, na katikati unachora mstari kwa kukisia. Kifaa cha setilaiti kinakupa safari yenyewe. Vya kwanza, miaka ya 1980, vilikuwa vizito kiasi kwamba vilifaa ndege wakubwa tu, maana watafiti hawataki mzigo uzidi takriban asilimia 3 ya uzito wa ndege. Leo vipo vya gramu chache vinavyojichaji kwa jua. Korongo jike wa Ujerumani aliyeitwa Prinzesschen alifuatiliwa kwa kifaa tangu 1994 mpaka alipofia Afrika Kusini mwaka 2006. Watu walimjua njia zake kama wanavyomjua dereva wa basi la mkoani.

Vingine hutumia laini ya simu. Mwaka 2019 watafiti wa Urusi waliokuwa wakifuatilia tai wa nyika kwa ujumbe mfupi walijikuta wamefilisika. Tai mmoja, Min, alikaa kiangazi chote Kazakhstan mahali pasipo na mtandao, akajaza meseji, halafu akaruka hadi Iran na kuzituma zote kwa mpigo, kwa bei ya ughaibuni. Ilibidi watu wachangishwe vocha ya tai, na kampuni ya simu ikajitolea kufuta deni.

Tunacheka, lakini kifaa kimefanya mambo ambayo pete isingeweza. Mwaka 2012, katika bonde la Doyang, jimbo la Nagaland, India, ilifichuliwa kwamba wanakijiji wanawanasa kozi wa Amur kwa nyavu za uvuvi. Makadirio ya wahifadhi yalikuwa kati ya 120,000 na 140,000 kwa msimu mmoja. Kozi hawa ni wadogo, wenye uzito kama wa embe dogo, na wanapotoka pale wanavuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki, kisha wanateremka kusini. Ndio wanaopita juu yetu Novemba na Desemba wakifuata kumbikumbi baada ya mvua. Watu wa dini, viongozi wa vijiji na wahifadhi walikaa na wawindaji. Mwaka 2013 uwindaji ule ulisimama. Mwaka huohuo kozi watatu wakafungwa vifaa vya gramu 5 na kupewa majina ya mahali pale pale: Naga, Wokha na Pangti. Watu waliokuwa wakiwauza sokoni wakaanza kufuatilia wamefika wapi.

Kwetu, watafiti wamewafunga vifaa tumbusi katika maeneo ya Ruaha na Nyerere. Tumbusi mgongo-mweupe tangu 2015 amewekwa katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu kubwa ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe anatia sumu kwenye mzoga ili amwue simba. Jangili anatia sumu kwenye mzoga wa tembo ili tumbusi wanaozunguka angani wasimchongee kwa askari. Mzoga mmoja unaua makumi kwa makumi. Tumbusi mwenye kifaa akiacha kusogea, nukta yake inabaki palepale kwenye ramani, na hiyo ndiyo simu ya hatari.

Lakini nukta haiwezi kueleza kilichotokea. Lazima mtu aende kwa miguu, na lazima mtu wa kijiji cha karibu akubali kusema alichokiona. Setilaiti imemwondoa yule mtu wa stempu, haijamwondoa shahidi. Na shahidi atasema ikiwa tu haogopi.

*

Shahidi wangu nilikuwa naye jikoni. Pete bado inaweza kuripotiwa, hata baada ya miaka mingi, na unaruhusiwa kubaki nayo. Vituo vya Ulaya vinashirikiana chini ya umoja uitwao EURING, ulioanzishwa 1963, na vina namna moja ya kuandika taarifa. Nilifungua fomu kwenye simu, nikamsomea Bibi kwa Kiswahili. Namba ya pete. Mahali. Tarehe, na pembeni yake nafasi ya kueleza una uhakika kiasi gani na hiyo tarehe. Nilipenda hapo. Mwaka mzima nilikuwa nikibishana na watu kama kumbukumbu ya mimba ya mwanamke inaweza kuwa ushahidi wa kihistoria, na hawa watu wa ndege walikuwa wameitengea kisanduku.

Kisha: ndege alikutwa katika hali gani?

"Amekufa," Bibi alisema.

Nikaandika. Swali lililofuata liliuliza amekufaje. Bibi aliweka ungo chini.

"Kuna haja ya hilo?"

Nikamwambia wanauliza tu, tunaweza kuacha wazi. Alikaa kimya muda. Kisha akaniambia kwamba babu alimpiga kwa rungu. Ndege alikuwa ameshiba viwavi, hakuweza kuruka upesi. Mtama ulikuwa umekwisha kuliwa, watoto walikuwa watatu na wa nne tumboni, na kaka yake babu alikuwa amechukuliwa kwenda mstari wa mbele. Walimla. Nyama ilikuwa ngumu, ikachemka mpaka usiku. Pete waliiona wakati wa kunyonyoa. Babu alisema hangemuua kama angejua ana mwenyewe.

"Ndiyo maana alizika manyoya," Bibi alisema. "Si jasusi tu. Aliona aibu. Walikuwa wamekuja kutusaidia."

Sasa mimi ndiye niliyekuwa na fomu mkononi. Ningeweza kuandika kwamba amekutwa amekufa. Isingekuwa hata uongo kamili. Babu alifariki 2004, alinifundisha kuendesha baiskeli, na sikutaka kumpeleka Ujerumani kama mwuaji wa ndege. Halafu nikafikiria kwamba taarifa za waliouawa ndizo zinazowaonyesha watafiti wapi na lini ndege wanakufa mikononi mwa watu. Kila mjukuu akifanya nilichotaka kufanya, ramani itaonyesha korongo wanaokufa wenyewe, bila njaa, bila vita, bila mtu. Nilimuuliza Bibi kama anaridhia niandike. Akasema, "Andika na njaa."

Niliandika kwa Kiingereza, kwenye nafasi ya maelezo: aliuawa kwa chakula, wakati wa vita, mazao yakiwa yameliwa na viwavi, familia inasikitika. Niliambatanisha picha ya pete niliyoipiga jioni, jua likiwa limeinama, ili tarakimu iliyolika itoe kivuli.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa fupi na la heshima, halikumlaumu mtu. Korongo alivalishwa pete Juni 1977, akiwa kinda kiotoni, katika kijiji kimoja kusini mwa Ujerumani. Kutoka kiotoni mpaka shambani kwetu ni takriban kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na korongo hawapiti mstari ulionyooka. Wanaizunguka Bahari ya Mediterania na kufuata Nile. Tarehe ya kifo imeingizwa kuwa Februari 1979, kwa makadirio.

Nilimpigia Bibi nikamsomea. Aliuliza maana ya kinda kiotoni Juni 1977, tukahesabu pamoja. Hakuwa amefika miaka miwili. Nikamweleza kwamba korongo huanza kutaga baada ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo huyu hakuwahi kurudi kujenga kiota chake.

"Kwa hiyo alikuwa mtoto," Bibi alisema.

Simu ilikwaruza, nikadhani imekatika.

"Waambie pete yao ipo," akasema. "Wakiitaka, ipo. Mimi sijaitupa."